Fremu za Kahawa Zilizopakwa Rangi ya Ofisi

Wiki iliyopita mliniita karakanani kwenu pale Buhembe, mkanikalisha kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi (nimeuona, msidhani sikuuona), na mmoja wenu akaniuliza: "Mzee Deusi, mbao za urembo ndani ya nyumba, zipakwe rangi au ziachwe na sura yake ya asili?" Nikajibu, "Inategemea." Nanyi mkaandika. Vijana wazima wenye akili zenu mkainama mkaandika "inategemea" kwenye madaftari. Nilirudi nyumbani nimejaa aibu, maana hilo ndilo jibu la fundi asiyetaka kusema alichowahi kufanya.

Basi leo nasema. Jibu langu nililipata kwenye nyumba ambayo hata paka asingeweza kujinyoosha ndani yake. Ilikuwa na vyumba sita, milango saba, na ilikaa juu ya meza. Mzungu angempa mtoto wake aweke wanasesere. Mimi nilitaka kuolea mke kwa nyumba hiyo, na nusura inikoseshe.

Kazi nilifundishwa na Ta Evodius, mjini Bukoba, miaka ile baada ya Uhuru wakati kila ofisi ilitaka meza mpya, kana kwamba zile za mkoloni zilikuwa na kunguni. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kidole gumba kipana kama kijiko. Kidole hicho ndicho kilikuwa mkaguzi wetu. Alikipitisha juu ya ubao uliorandwa, na kama kilisimama mahali, ulianza upya. Nyinyi mna leza ya kupimia, nami nimeiona leza yenu ikisema rafu iko sawa huku yai linabingirika juu yake.

Kitu ambacho Ta Evodius hakukivumilia ni rangi. "Rangi ni kanzu ya mlevi," alikuwa akisema. "Ukiona ameivaa Jumapili imenyooka hivyo, jua kuna mambo ya Jumamosi." Alikuwa na kidonda. Parokia moja ilimpa kazi ya kutengeneza kizuizi cha mbele ya altare, akakitengeneza kwa mvule, miezi mitatu, bila msumari hata mmoja. Kamati ikasikia kuna mgeni mkubwa anakuja. Wakaona mvule ni mweusi mweusi, unaleta huzuni, wakaupaka bluu. Ta Evodius aliingia kanisani, akaona, akageuka kabla ya somo la kwanza, akaenda kukaa kwenye kibanja chake akipalilia migomba mwezi mzima. Aliporudi kazini alisalimia randa kwanza, halafu sisi.

Mimi nilimwamini kama katekisimu. Mpaka nilipompata Filomena.

Filomena alikuwa anafundisha kisomo cha watu wazima huko Kagoma, Muleba. Nilikwenda kurekebisha milango ya darasa lake. Wazee walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni, na mmoja wao, mrefu kuliko wote, alikuwa anagoma kusoma kwa sababu mwalimu alikuwa binti yake. "Siwezi kusahihishwa na mtu niliyemwogesha," alisema. Huyo ndiye Ta Projestus. Nilicheka, akaniona nikicheka. Huo ndio uliokuwa mwanzo wangu mbaya na mkwe wangu.

Siku ya kwenda kujitambulisha nilisindikizwa na baba yangu mdogo, Ta Pankrasi, awe msemaji wetu. Ta Pankrasi alikuwa msemaji mzuri hadi kibuyu cha pili cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baada ya hapo ulimi wake ulikuwa unakwenda peke yake, yeye anabaki nyuma.

Ta Projestus alikuwa mkulima wa kahawa, mtu ambaye hakukalia kiti kabla hajainama kukitazama chini. Alituletea kikapu cha kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi. Mnaijua, ingawa siku hizi mnatafuna zaidi bigijii: tunda moja kavu, ganda moja, punje mbili ndani. Watu walioshibana hulipasua tunda, kila mmoja akachukua punje yake. Siku hiyo hakupasua. Kila mtu alipewa tunda lake zima.

"Waitu, jamaa zangu, kijana wenu ana kazi, hilo nimesikia," alisema. "Sasa mwanangu atalala wapi?"

Nilikuwa na kipande cha kibanja huko Kanazi alichonigawia baba, na juu yake mawe ya msingi. Mawe tu. Saruji ilikuwa imegeuka hadithi. Ulikwenda duka la ushirika ukakuta viberiti, chumvi na tangazo. Ta Pankrasi alijua yote hayo, maana mawe tulibeba wote.

"Atalala kwenye nyumba," akajibu. "Vyumba sita. Ndani imezungushiwa mbao za urembo kama nyumba ya mapadri."

Nilimeza tunda la kahawa zima bila kutafuna. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anakohoa. Filomena alikuwa ameyaona mawe yale kwa macho yake.

"Imekwisha?" Ta Projestus akauliza.

"Imebaki kidogo, waitu."

"Vizuri. Nikimaliza kuvuna mtanionyesha. Kama ipo, tutazungumza. Kama haipo, kuna karani hapa Muleba ana nyumba ya bati na pikipiki, na amekwisha kuja kunisalimu mara mbili."

Njiani nilimuuliza Ta Pankrasi amepata wapi vyumba sita. Alitembea kidogo, akafikiri. "Kweli," akasema, "ningesema vinne."

Nilimweleza Ta Evodius yote. Aliendelea kuranda kwa muda, halafu akasema, "Baba yako mdogo amesema vyumba sita. Hakusema ukubwa." Nikadhani ananicheka. Alikuwa hanicheki. "Saruji hutapata kabla ya mavuno. Mbao tunazo, vipande vya kutosha. Ijenge yote, inchi moja kwa kila futi. Umpelekee, umwambie kweli: nyumba ni mawe, na hii ndiyo itakavyokuwa. Mtu aliyeunga mlango wa inchi saba, wa futi saba haumshindi. Mzee atatazama mkono wako."

Basi nikaanza. Kuta nilizitoa kwenye makasha ya chai. Paa nilipata kwa kupasua debe na kulinyoosha kwa nyundo ya mpira. Hayo yalikwenda. Kazi ikanikwama kwenye mbao za urembo: fremu za milango na madirisha, na ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta.

Sikilizeni hapa, ndiyo faida ya barua hii. Unaweza kuipunguza nyumba mara kumi na mbili, lakini nyuzi za mbao hazipungui. Nilitengeneza fremu ya kwanza kwa mvule, ubao wa kifahari. Kwenye mlango wa kweli nyuzi za mvule ni urembo. Kwenye mlango wa inchi saba zilionekana kama mtu ameegesha gogo mlangoni. Nikajaribu msizi, ukapasuka kila nilipougusa na patasi. Kwa kitu kidogo unataka mti mgumu, wenye nyuzi zilizobanana hata huzioni. Mti huo Bukoba nzima tunauotesha mlangoni, na hakuna anayethubutu kuutia msumeno.

Filomena ndiye aliyeuleta. Alikuja mjini siku ya soko na mzigo wa ndizi, na katikati ya ndizi, limefungwa kwa majani makavu ya mgomba, kulikuwa na shina la mbuni, mti wa kahawa, nene kama paja.

"Ulipandwa na babu," akaniambia. "Ulikauka mwaka jana. Tata alisema ukatwe uwe kuni, halafu akaenda kushinda kwa jirani asiusikie ukianguka. Matawi niliyapikia. Shina nilishindwa kulitia motoni."

"Baba yako anajua?"

"Angejua ningelificha kwenye ndizi?"

Nilipolipasua shina lile nilikaa chini. Ndani ulikuwa wa rangi ya asali changa, laini, mgumu, huoni uzi hata ukiweka jicho juu yake. Nikachonga fremu zote na milango saba. Ta Evodius akapitisha kidole chake kwenye fremu moja, kikaenda mpaka mwisho. Akairudisha mezani polepole. "Mti huu ukiupaka rangi," akasema, "usinisalimie tena."

Sasa muone shida yangu. Mhaya akimwona mtu ana ubao wa mbuni, swali la kwanza ni: umekata kahawa ya nani? Nikisema niliukata mimi, nimekuwa mwendawazimu anayeangusha kahawa, na baba gani anampa mtoto wake mtu huyo. Nikisema nilipewa na Filomena, basi binti anambebea mwanaume mali ya baba yake hata mahari haijatajwa. Kote kote karani anapata mke. Na nikiacha fremu bila rangi, Ta Projestus ataujua ule mti kabla hajakaa.

Hata hivyo nilijaribu kuwa jasiri. Niliacha fremu za asili, nikazisugua kwa samli ya mama zing'ae. Ziling'aa kweli. Asubuhi nikakuta wapangaji. Sisimizi walikuwa wameingia kwa mlango wa mbele, wamejaa sebuleni na chumba cha kulala, na msururu mwingine uko njiani unakuja na watoto. Mama akanuna wiki nzima kwa ajili ya samli. Nikachukulia kwamba Mungu naye ameshauri rangi.

Kulikuwa na nusu kopo la rangi ya kijani, mabaki ya kazi tuliyofanya kwenye ofisi ya kijiji fulani. Nilipaka Jumapili, Ta Evodius akiwa misani. Mikono miwili ya rangi, minene, nisione hata kivuli cha mbuni. Na hapo nikafanya kosa ambalo nyinyi mtalifanya kesho: rangi nayo haipungui. Mkono mmoja wa rangi kwenye mlango wa kweli si kitu. Kwenye mlango wa inchi saba ni blanketi. Pembe zote nilizonoa kwa patasi zilijaa zikawa mviringo, na milango ikabana kwenye fremu. Kama lazima upake kitu kidogo, izimue rangi mpaka ikuogopeshe, paka kwa unyoya wa kuku, subiri, paka tena. Mimi nilipaka kama ninapaka lori.

Jumatatu Ta Evodius aliingia, akaona kijani, akapita. Nikasema, "Shikamoo." Hakuitikia.

Tukaipeleka Kagoma juu ya lori la magunia, mimi na Ta Pankrasi, na mvua ikatunyeshea njia nzima. Niliifunika nyumba kwa koti langu. Ta Pankrasi alijifunika kwa gunia na kunishauri niseme kidogo.

Tuliiweka mezani sebuleni. Ta Projestus aliizunguka mara moja. Akainama, akaitazama chini. "Na hii," akauliza, "analala nani? Panya?"

"Baba, nyumba kubwa haipo," nikasema. "Yapo mawe. Baba yangu mdogo aliitangulia saruji. Hii ndiyo nitakayojenga, na nimeifanya kwa mkono wangu uone kama mkono unafaa."

Naapa mdomo wake ulitaka kucheka. Akafunua paa, akaanza kutazama chumba kimoja kimoja, na nikaanza kupumua. Halafu akaingiza kidole kwenye mlango wa chumba cha kulala. Haukufunguka. Akausukuma, akauvuta. Mvua na rangi vilikuwa vimeushika. Basi akautia ukucha, ule ukucha wa mtu aliyemenya kahawa miaka hamsini, na kipande cha kijani kikabanduka, kidogo kama punje ya mchele.

Akatoa kisu mfukoni. Akakwangua zaidi. Akaung'oa mlango na fremu yake, akauinua mpaka puani.

"Hii ni kahawa," akasema.

"Ni mpera, waitu," akasema Ta Pankrasi.

"Pankrasi, mimi nimezaliwa chini ya mti huu." Akanigeukia. "Ni kahawa ya nani?"

Nilikuwa na muda mdogo sana wa kufikiri, na sikufikiri vizuri. "Yetu," nikasema. "Niliukata mimi, Kanazi."

"Mti ukiwa mzima?"

Nilikuwa nimejichimbia shimo na sasa niliombwa niseme lina kina gani.

Pazia likafunguka. Filomena akaja, akapiga magoti mbele ya baba yake kama anasalimia. "Tata, usimuulize. Ni ule wa babu. Shina nilimpa mimi."

Ta Pankrasi akainama kukagua viatu vyake. Ta Projestus alikishika kile kimlango kiganjani. Nilitegemea atauliza kuhusu binti kubeba vitu, kuhusu heshima, kuhusu ule uongo wangu wa Kanazi uliokuwa bado moto. Hakuuliza hata kimoja.

"Siku ile nilikaa kwa jirani mpaka jua likazama," akasema. "Nilidhani umekwisha kuwa majivu. Kumbe umekuwa milango." Halafu akaniangalia mimi, na nakwambieni alikuwa amekasirika kweli. "Na wewe ukachukua mti wa baba yangu, ukaupaka rangi ya ofisi."

"Nisamehe, baba."

"Chukua nyumba yako. Irudi bila rangi."

Ta Pankrasi akapata sauti. "Na posa, waitu?"

"Posa nayo inasubiri rangi itoke."

Kukwangua rangi kwenye kitu kidogo hakuna msasa. Msasa unakula pembe. Unavunja chupa, unachagua kipande chenye ukingo ulionyooka, unakivuta kufuata nyuzi, kwa upole, kikifa unavunja kingine. Milango saba na fremu zake, madirisha kumi. Vidole vyangu vilikuwa vimefungwa vitambaa kama mkoma wa Biblia. Siku ya nne Ta Evodius alikuja na kipande chake cha chupa, akakaa upande wa pili wa meza, akachukua mlango, akaanza kukwangua bila neno. Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba. Unavuta vibaya." Tulimaliza wote, tukasugua nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya taa kidogo. Hiyo sisimizi hawaili, andikeni.

Chumba kimoja sikukigusa. Filomena alinitumia ujumbe: "Jikoni acha kijani. Moshi hauheshimu mti." Ta Evodius aliposikia alifikiri sana, akasema huyo mwanamke angefaa kuwa fundi, ila asimfundishe yeye.

Tuliporudi Kagoma mavuno yalikuwa yamekwisha kuuzwa. Ta Projestus alifungua kila mlango kwa kidole kimoja. Kila mlango ulifunguka. Alipofika jikoni akasimama. "Na hapa?"

"Filomena ndiye aliyesema."

"Basi ameanza kutawala kabla hajafika," akasema, akamwita mkewe alete rubisi. Tukapewa kahawa, kila mtu tunda lake zima, kama mara ya kwanza. Binti akanipa. Nyumba hakunipa. "Hii inabaki hapa," akasema. "Ukimaliza ile kubwa, utakuja kuichukua."

Ile kubwa ilinichukua miaka mingi sana. Tuliishi kwa baba, tukazaa, saruji ikaja mfuko mmoja mmoja. Mwisho ilikuwa na vyumba vinne, na mbao za urembo za msizi, mti usio na sura, kwa hiyo nikazipaka rangi zote bila kuona haya, na zimependeza. Ta Projestus alikuja kuiona. Akainama akatazama chini ya vizingiti, akasema ile ndogo ilimalizwa vizuri zaidi, akanywa chai, akaondoka. Mimi na yeye hatukuwahi kuwa marafiki. Aliniita "fundi" mpaka mwisho, na nilipokwenda kwake alinipa tunda langu peke yangu, kama mgeni. Iliniuma, sitawadanganya. Niliona hajanisamehe kile kijani, na ile nyumba ndogo sikuthubutu kwenda kuidai.

Tulipomzika, mama mkwe alitwambia tuichukue nyumba yetu sasa, maana kubwa ilikwisha siku nyingi. Nilifunua paa niifute vumbi. Haikuwa na vumbi. Juu ya kimeza cha sebuleni, meza niliyoichonga kwa kipande cha mwisho cha mbuni ule, kulikuwa na nusu ya tunda la kahawa. Ganda limepasuliwa, punje moja ndani.

"Nyingine iko wapi?" nikauliza.

"Aliitafuna," akasema mama mkwe. "Kila mwaka akimaliza kuvuna anapasua moja, anakula yake, hiyo anaiweka humo. Ni yako. Mwaka ukiisha hujaichukua anaitupa, anaweka nyingine."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema mlango anaujua mwenyewe aliyeutengeneza."

Nililia mbele ya wakwe, mzee mzima. Filomena alikiinua kimeza akanisogezea. Punje ilikuwa kavu na ngumu, na nikaitafuna yote.